Chuma cha Nyumbani

Kaloleni,
9 Februari 2025

Kwako Nangila,

Mulembe. Natumai u mzima huko Kayole na kwamba maji yamerudi kwenye ghorofa lenu. Mama yako anakusalimu, goti limempungua uchungu. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo ndiyo mazuri niliyokuwa nayo, na sasa yamekwisha.

Jumatatu nilifika kazini nikakuta watu wamejazana getini mbele ya tangazo. Owuor akaniambia, "Mzee, kuja usome. Ni msichana wako ameandika." Nikasoma mbele ya wenzangu wote. Tanuri la mafuta litazimwa Septemba. Badala yake linakuja tanuri la umeme, kwa sababu kiwanda kinataka kufikia "sifuri ya gesi chafu". Chini yake sahihi: Mhandisi Nangila Mulongo. Hilo Mulongo ni jina langu, Nangila. Umenizimia moto kwa jina langu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa hapa kwangu. Ulikula kuku wangu, ukalala kwenye kitanda kile cha chuma ulichozaliwa juu yake, ukanywa chai, ukaniaga kwa mikono miwili. Hukusema neno. Mimi ndiye msimamizi wa tanuri na ndiye mwakilishi wa wafanyakazi, na sasa wananong'ona kwamba nilijua nikanyamaza kwa kuwa ni damu yangu. Mativo, mwenzangu wa tanurini, ameniita msaliti bila kupepesa macho.

Sifuri! Ulipokuwa darasa la tatu niligombana nawe kwa kuniletea sifuri nyumbani. Kumbe ulienda chuo kikuu kuitafuta kubwa zaidi.

Usinipigie simu, sitashika. Ukiwa na la kusema andika, umpe Mama yako sokoni.

Ni mimi baba yako, bado.


Kayole,
16 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu kwa heshima. Nashukuru kusikia goti la Mama linapona. Maji hayajarudi, tunanunua kwa mikokoteni. Vinginevyo mimi ni mzima.

Nilikatazwa kusema kabla bodi haijapitisha. Ningekuambia wewe, Mativo na Owuor wangejua kabla chai haijapoa, na hilo unalijua. Sikufurahia kunyamaza mbele ya kuku wako. Lakini sitaliombea msamaha.

Sikiliza, Baba. Wajenzi wanaonunua nondo zetu wametuambia wazi kwamba katika mkataba ujao watauliza kila tani imetoa moshi kiasi gani. Tukikosa jibu wataenda kwingine, na tanuri lako litazimika bila msaada wangu. Mafuta mazito mnayochoma ndiyo sehemu kubwa ya uchafu wetu. Umeme wa nchi hii mwingi unatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Paa lote tutalifunika kwa sola. Joto litakalopotea kwenye mtambo tutalirudisha likaushe chuma chakavu. Hatutakuwa safi kwa siku moja, tumejipa hadi 2040, na kuna moshi ambao bado hatujui tutaufanya nini. Hilo nakuambia wewe, kwenye tangazo hawakuniruhusu kuliandika.

Na usiseme moshi ni hadithi ya watu wa mbali. Mama anafua shuka Jumamosi asubuhi, jioni zina masizi, anafua tena. Masizi hayo ni yako.

Kuanzia Machi kuna mafunzo kila Jumamosi. Atakayemaliza anabaki na kazi yake. Asiyekuja atastaafishwa. Niligombana na wakubwa kupata hata hilo. Njoo, Baba.

Binti yako,
Nangila


Kaloleni,
2 Machi 2025

Nangila,

Mulembe. Hapa hatujambo. Kikohozi kidogo, cha vumbi, usianze kukifanyia hotuba.

Jana mafunzo yako yalianza na sikuja. Sitakuja. Nimesimama mbele ya moto tangu hujazaliwa, leo niketi kwenye dawati kijana wa juzi anionyeshe moto ni kitu gani? Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilishakauka.

Nasikia pia mtapanda miti Machakos kufuta moshi utakaobaki. Miti ya Machakos itamfaa nini Mama yako na shuka zake? Na huo umeme wako, hapa Kaloleni unapotea ugali ukiwa jikoni. Nenda kayeyushe chuma na umeme wa namna hiyo.

Kisha kuna jambo ambalo bodi yako haikuliandika popote. Mtu akiajiriwa tanurini hutoa chuma cha nyumbani kwao. Mkewe au mamake hukiosha kwa sabuni, kisiingie motoni na ugomvi wa nyumba. Tunakiweka mlangoni mwa tanuri, kinakaa hapo kikipata joto hadi kinakuwa chekundu, ndipo tunakisukuma ndani. Mimi nilitoa jembe la babu yako. Mativo alitoa panga la nyanyake. Nondo zilizojenga nusu ya Nairobi zina vitu vyetu ndani yake. Moto wako utakula nini cha kwetu?

Hujui, kwa sababu hukuuliza.

Mulongo,
wa tanuri la mafuta


Kayole,
14 Juni 2025

Kwa Baba,

Salamu. Mama amesema kikohozi bado kipo, pole. Nikiuliza zaidi utasema nakupeleleza.

Tangu Machi nimekuwa nikiangalia mlango wa darasa kila Jumamosi. Wengi wamekuja. Hata Owuor amekuja, na anauliza maswali kuliko wote. Waliobaki nje ni wewe, Mativo na wale mnaokutana nao kwenye ukumbi wa Kaloleni kila Jumapili kunitukana. Usikatae, Owuor ana masikio.

Juzi mtu ameingia akakata nyaya za mtambo mpya. Nakuuliza mara moja, na nataka jibu la mara moja. Unajua ni nani? Au ni wewe?

Nangila


Kaloleni,
15 Juni 2025

Nangila,

Salamu sina.

Mwizi ndiye huulizwa hivyo, baba haulizwi. Nyaya sikukata. Ningetaka kuvunja mtambo wako ningekuja mchana, mbele yako, na nyundo yangu mkononi.

Mama yako ameniomba nikujibu kwa upole. Huu ndio upole wenyewe.

Mulongo


Kayole,
24 Agosti 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi, na Mama pia. Natumai baridi ya Agosti haijakuzidishia kikohozi.

Aliyekata nyaya amepatikana. Ni mtu wa nje, alikuwa akiiba shaba. Nilikudhania vibaya na nimeumia kwa hilo, ingawa wewe nawe hukunirahisishia kukudhania vyema.

Ijumaa ya tarehe tano Septemba tutawasha tanuri jipya. Nimemweleza mkurugenzi habari ya chuma cha nyumbani. Akacheka. Nikamwambia asicheke, akaacha. Amekubali kwamba kabla ya shehena ya kwanza ya chuma kutimia tanurini tuingize chuma kimoja cha nyumbani mbele ya wafanyakazi wote, na nimesema kiwe chako. Baada ya hapo utaagwa kama mtu, si kwa tangazo la getini.

Njoo nacho Baba, unipe mkononi. Mimi ndiye nitakayekipeleka motoni.

Binti yako,
Nangila


Kaloleni,
31 Agosti 2025

Nangila,

Mulembe. Tuko salama.

Nitakuja. Usidhani umenishinda. Mama yako amegoma kunipikia mpaka nikubali, na mimi kupika sijui. Mativo anasema nikikanyaga pale nimewauza. Nimemwambia anywe maji baridi.

Chuma nimekipata. Utakijua ukikishika.

Usiniwekee kiti cha mbele.

Baba yako


Kayole,
7 Septemba 2025

Baba,

Sina salamu na sina usingizi.

Ulinikabidhi bomba lililofungwa ncha zote mbili. Nilipolipokea nikasikia maji yakicheza ndani. Maji, Baba! Tanuri hili si lako la kupashia chuma moto polepole mlangoni. Mle ndani chuma kimeshayeyuka kama uji, na kitu kinaingia moja kwa moja. Maji yaliyofungiwa yakizama humo yanalipuka na kutapika chuma cha moto juu ya kila mtu. Ndilo somo la kwanza la Jumamosi ya kwanza. Owuor alikuwa kando yangu, naye ndiye aliyepiga kelele, "Madam, wacha! Iko na maji!" Muoki wa usalama alikuangusha chini nikiwa bado nimelishika, na mimi sikumzuia.

Tungekufa. Mimi ningekuwa wa kwanza.

Uliandika kwamba ungetaka kuvunja mtambo wangu ungekuja mchana, mbele yangu. Umekuja mchana, mbele yangu. Barua hiyo ninayo. Polisi bado hawajaiona.

Mama amekutoa kwa dhamana, nasikia. Alhamisi uko mahakamani Makadara, na nimeitwa nieleze ulikusudia nini. Kampuni inataka nithibitishe ni hujuma. Nimekujua maisha yangu yote na sijui nitasema nini. Niambie wewe.

Nangila


Kaloleni,
9 Septemba 2025

Nangila,

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia tena. Mama yako ndiye amenikalisha mezani. Analia tangu Ijumaa, anasema maji yale ni yake.

Lile si bomba. Ni mguu wa kitanda. Kile cha chuma. Niliukata Jumatano, na kitanda sasa kimesimama juu ya mawe upande mmoja. Siku uliyozaliwa mvua ilikuwa imefunga njia, hospitali hatukufika, na Mama yako aliushikilia mguu huo usiku kucha akinitukana mimi na ukoo wangu. Nilisema, kama moto huu ni wa Nangila, basi ule kitu kinachomjua.

Mama yako aliuosha kwa sabuni, ndani na nje, kama desturi. Kwa tanuri langu ungekaa mlangoni ukauke kwanza. Hilo lako sikujua halina mlango. Sikuja Jumamosi hata moja, ndiyo sababu sikujua, na wewe uliyejua uliniambia nilete chuma tu, hukuniambia kiweje.

Ncha nilizifunga mimi, maji ya kuoshea yangali ndani. Msumeno uliziacha na makali, nawe uliandika nikupe mkononi. Nikazigonga kwa nyundo zikafungana, zisikukate.

Hukuniuliza pale chini, Nangila. Nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya watu niliowafundisha kazi, goti la Muoki mgongoni, na wewe ukatazama pembeni. Hilo sitalisahau.

Sasa nenda Makadara ukaseme unavyotaka. Hiyo barua yangu wape pia. Sikuombi kitu.

Baba yako


Kayole,
21 Septemba 2025

Kwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Natumai kikohozi kimepoa, na kwamba Mama amepata usingizi.

Ulikuwepo, kwa hiyo ulisikia. Hakimu aliniuliza baba yangu alikusudia nini, nikasema alikusudia nisikatwe mkono. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kesi imeondolewa. Ukatoka ukapita kando yangu kama unapita mlingoti wa stima.

Kazini hawatakurudisha, wala hawatakuaga. Nimepigana nikashindwa. Mativo ameanza mafunzo jana, amekaa nyuma kabisa na kofia kichwani. Mimi bado nina hasira nawe. Jumamosi moja tu, Baba, hata kwa kuchungulia dirishani, ungejua. Nina hasira nami pia, kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika neno maji.

Polisi walinirudishia mguu wa kitanda. Niliukata mwenyewe karakana, katikati. Maji yaliyotoka yalinukia sabuni ya Mama. Nikavianika vipande juani mpaka vikakauka kabisa, na juzi nikaviingiza motoni. Owuor alivua kofia. Hakuna kilicholipuka.

Mama atakuletea kipande cha nondo kilichotoka kwa shehena hiyo. Nimekipima sawasawa na miguu mingine ya kitanda. Ondoa mawe, uweke hicho.

Ncha zake zina makali. Chunga mkono wako.

Mtoto wako,
Nangila