KRAFU kwenye disketi

Jumatatu, 16 Juni 1997
Nimekwisha! Mwalimu Gichana amesema Jumamosi, siku ya wazazi, ni mimi na Antony tutaonyesha kompyuta. Antony atabonyeza, mimi nitaeleza. Mimi! Mbele ya watu!

Lakini hiyo programu ya hesabu ni tamu. Mstari uliopinda unatokea kwenye skrini kama kilima, na unataka kujua eneo lililo chini yake. Unajaza mistatili, unajumlisha. Mistatili mitatu: 22. Uongo mtupu — pembe zimetokeza nje kama viwiko. Mistatili mia moja: 18.13! Jibu la kweli ni 18. Kadiri inavyokuwa myembamba ndivyo inavyokaribia. Ningeitazama hadi kengele ya chakula.

Alhamisi, 19 Juni
Aibu!! Antony aliuliza tuipe kazi yetu jina gani kwenye disketi. Nikasema grafu. Akaandika alichosikia: KRAFU. Akacheka mpaka akashika meza. Ulimi wangu wa Kipsigis huu, kila g inatoka k! Nikamwambia akisema kwa mtu, sitaongea naye tena mpaka tumalize Form Four.

"Kwani huwa unaongea na mimi?"

Ukweli. Lakini akaapa hatasema. Kengele ikalia, jina tukaliacha hivyo hivyo.

(Ana vishimo mashavuni. Si muhimu.)

Jumamosi, 21 Juni
Niko benchi la nyuma, ukumbi umejaa. Mama amevaa sweta yake ya kanisa. Aliingia akiuliza kwa sauti, "Hiyo kombiuta iko wapi?" Hakuna aliyecheka. Antony akamwonyesha: "Ile pale, mama."

Sasa Mwalimu anatafuta kazi yetu. Disketi ni ya darasa zima, majina yamejaa. GRAPH — hakuna. "Antony, umeiweka wapi?" Mwalimu anafoka: eti ameifuta, eti mchezo mwingi, Jumatatu anatoka kwa klabu ya kompyuta. Na Antony hataji jina! Si aliapa. Ananitazama tu.

Nikinyamaza, leo sisimami mbele ya mtu. Na si hilo ndilo nimekuwa nikiomba wiki nzima?

Mwalimu ametugeukia sote. Kuna anayejua iliitwaje?

Mama ananyoosha shingo, ananitafuta.

Mkono wa kushoto umeshapanda. Huu wa kulia unaandika tu, unachelewesha — "Ndiyo, Chelangat? Sema kwa nguvu, tusikie!"