Nani Atakaa Kwenye Keria

Jumatatu, 28 Julai 2025

Jana paroko alitangaza: tarehe 24 Agosti, wanandoa wote waliotimiza miaka arobaini ya ndoa watabarikiwa mbele ya altare. Sisi tumo! Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Baba Agnetha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niende peke yangu, nimsalimie Mungu.

Nimsalimie Mungu! Ndiye Benedict wangu huyo. Tangu goti limharibikie ana miezi mitano hajavuka geti. Bodaboda haitaki, ilishamwangusha. Bajaji haivuki mchanga wa korongoni. Kilomita nne kwa mguu hawezi. Basi ndiyo hivyo, akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nimelala na hasira, nimeamka na jibu: baiskeli. Ile ile aliyonipakia kwenye keria mwaka 1985 kunipeleka kanisani kufunga ndoa, gauni nimelikunja mapajani lisiingie kwenye spoku. Safari hii naendesha mimi. Yeye akae nyuma.

Jumatano, 30 Julai

Nimeitoa stoo. Loh! Miaka sita, na kuku walishahamia kwenye usukani. Fremu nzima. Rimu nzima. Breki zake si za waya, ni zile za vyuma virefu, nazo zimeamka nilipozipaka oili. Ila tairi zote mbili zimechanika, na pedeli ya kushoto haipo kabisa.

Baba Agnetha akachungulia. Nikamweleza mpango wote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Mama Agnetha, mwanaume habebwi na mke wake kwenye keria. Watu wataniweka wapi?"

Nikamjibu kwamba watamweka mbele ya altare. Akaingia ndani. Mdomo wangu huu, siku moja utaniponza.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda kwa fundi Theonest, pale stendi ya Ushirombo. Nilimfundisha darasa la nne. Akaniamkia vizuri, akalizungusha gurudumu, akatikisa kichwa. Tairi za inchi ishirini na nane hakuna tena, siku hizi ni ishirini na sita tu. Akampigia mtu wa Kahama — hakuna. Akanishauri niiuze chuma chakavu. Nikamuuliza saba mara nane ni ngapi. Akasema hamsini na nne. Nikamwambia ndiyo maana. Wateja wake walicheka mpaka nikamwonea huruma.

Lakini ana moyo. Alipekua ndoo yake akanipa pedeli kuukuu ya kushoto, bure. Nimekuja kuifunga mwenyewe — nikakaza, haiingii. Nikakaza kwa hasira. Nyuzi zake zote zikasagika. Kumbe pedeli ya kushoto hukazwa kinyume! Miaka thelathini na mitatu nimefundisha Hesabu, nimeumbuliwa na pedeli. Na Baba Agnetha alikuwa barazani muda wote ananitazama. Anajua fika. Anasema hakuulizwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimerudi kwa Theonest nimejikunyata. Kabla sijafungua mdomo: "Hamsini na sita, Mwalimu." Nimempenda upya.

Kanipa pedeli nyingine, na habari njema. Wanaotumia tairi za ishirini na nane bado wapo: wachimbaji wadogo, Geita. Wanabebea viroba vya mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na baiskeli nyingine haihimili. Kanionyesha na namna ya kuvalisha tairi, kwenye gurudumu lake. Unaanza upande wa pili wa vali, unamalizia kwenye vali. Tyubu usiibane. Nimeibana mara tatu. Ya nne ikakubali.

Jumamosi, 9 Agosti. Geita

Nimepanda basi alfajiri na gurudumu la mbele mapajani. Abiria wa pembeni akaniuliza baiskeli nyingine iko wapi. Inakuja kwa mguu, nikamwambia.

Agnetha wangu akanipokea stendi, halafu akatembea hatua kumi mbele yangu, mtoto ananionea aibu! Akanifikisha kwenye kibanda cha Marwa, Mkurya mmoja aliyewahi kuchimba, sasa anauza spea za baiskeli. Nikainua macho. Tairi mbili zinaning'inia kwenye paa, vumbi tupu — ishirini na nane! Nilitaka kupiga vigelegele.

Marwa akasema haziuzwi, ni za wateja wake wa mashimoni. Nikamweleza yote: goti, altare, keria. Akaniuliza atanivalishia nani. Nikasema mimi. Akanitazama toka viatu mpaka kilemba.

"Mama, ivalishe hapa mbele yangu bila kutoboa tyubu. Ukiweza, zote mbili zako."

Haya. Nikaomba maji ya sabuni. Mama ntilie wa jirani akaniazima vijiko viwili. Wachimbaji wakajaa, wengine bado na matope masikioni. Nikapiga magoti, kitenge nimekikaza. Upande wa kwanza ukaingia kama mchezo. Upande wa pili — kipande cha mwisho, kiganja kizima, kimegoma. Jasho. Mmoja akanong'ona kwamba hapo tyubu inakufa. Nikaweka vijiko chini. Nikaibinya tairi pande zote iangukie katikati ya rimu, nikasukuma kwa vidole gumba. Ikaingia!

Wakajaza upepo. Tukangoja. Haikulia. Watu walipiga miluzi, kijana mmoja akaniuliza kama natafuta kazi. Marwa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mzee akikataa kupanda nimwite yeye. Nimecheka njia nzima, hata Agnetha akaja kutembea pembeni yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Zote mbili zimevaa. Baba Agnetha kapita, kaibonyeza ya mbele kwa kidole, kainusa mpira. Akaniuliza kama nimeona kwamba keria imelegea upande wa kushoto. Nikasema sijaona. "Basi," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Nimeikaza.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejaribu na kiroba cha mahindi cha kilo hamsini, maana yeye hazidi hapo sana. Nimefika kanisani, nimerudi! Pale korongoni nilishuka nikasukuma pembezoni, penye udongo mgumu. Miaka sita sijapanda, na miguu haijasahau kitu. Nilipiga kelele kwenye mteremko kama binti. Wanawake wa kisimani wakanipigia vigelegele.

Aliniuliza nani ameniona. Wote, nikasema. Walisemaje? Walisema mahindi yamekaa vizuri.

Hakucheka. Ila sharubu zilitikisika.

Jumatano, 20 Agosti

Tumegombana. Amesema haendi, na nisimfanye kichekesho uzeeni. Nikasema basi na mimi siendi, sitakwenda kubariki nusu ya ndoa. Nimelia jikoni. Sitaki kumshinda. Namtaka pembeni yangu pale mbele, basi.

Jumamosi, 23 Agosti

Kaomba koti lake lipigwe pasi. La kukalia barazani, kasema.

Nimepiga pasi. Sikuuliza.

Jumapili, 24 Agosti, asubuhi

Saa moja na dakika tano. Misa saa mbili. Nimeshavaa, nimekaa kitandani naandika, maana nimeapa simwiti. Akija aje mwenyewe.

Nasikia fimbo yake nje. Nimechungulia dirishani. Kavaa koti! Yuko kando ya baiskeli. Anabonyeza tairi — ya mbele, ya nyuma. Kachukua pampu. Goti halikunjiki, kaegemea ukuta, anapampu hivyo hivyo. Ya nyuma tu. Ya kwenye uzito!

Sasa anafunga mto kwenye keria kwa mpira.

Jirani Mbuke kapita na kitabu chake cha nyimbo, kasimama getini. Kamuuliza leo nani anambeba nani. Nimetega sikio. Jibu sijalisikia, Mbuke kaweka mkono mdomoni — wanacheka. Wote wawili. Yeye kwa sauti kuliko Mbuke.

Ananiita. Lukresia, anasema. Si Mama Agnetha, Lukresia.

Anasema tutachelewa. Tutachelewa, siyo utachelewa.