Kipindi cha Tatu, Darasa la Tano

Gitting, Jumapili

Mpendwa dada Gaudensia,

Shikamoo dada. Habari za hapo Dongobesh, na shemeji Yonas na mgongo wake? Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi tu ndiyo inatutesa. Mimi mwili ni mzima.

Uliniuliza kwa nini Mwalimu Nicodemo amerudi kwao hapo jirani yako na begi lake katikati ya muhula. Ni kweli wanavyosema, shule imemwachisha kazi. Kwa simu nimeogopa, ungenikatisha kwa maswali, bora niandike.

Unajua hapa walimu tuko saba tu, na kila mmoja ana pale anapokwama. Mimi aljebra ya darasa la sita hunitoa jasho. Nicodemo insha zinamshinda. Alikuwa akitutania kwamba Kiswahili chake alijifunzia kwa ng'ombe, na ng'ombe hawaandiki insha. Basi tukapatana: yeye aingie kwangu darasa la sita kwa hesabu, na saa hiyohiyo mimi niingie kwake darasa la tano kwa insha. Kwenye ratiba hatukuandika, Mwalimu Mkuu hatukumwambia. Alama za watoto zikapanda sana, hata nikapongezwa mbele ya wazazi kwa hesabu zisizo zangu.

Jumanne ya wiki juzi, kipindi cha tatu, darasa la tano likakaa bila mwalimu. Watoto wakapanda juu ya madawati, binti mmoja, Judica, akaanguka akavunjika mkono. Mwalimu Mkuu Benedict alipokuja mbio akamkuta Nicodemo darasani kwangu, chaki mkononi. Kikaoni akaulizwa kwa nini ametelekeza watoto wake. Akajibu kwamba walikuwa na mwenzake. Mwenzake nani? Akanitazama tu. Nadhani alitaka niseme mwenyewe.

Dada, mwenzake ni mimi. Saa ile nilikuwa nyuma ya jiko la shule, nazungumza na wewe kwa simu habari za vitenge vya jubilei ya parokia. Unakumbuka tulivyocheka. Na kikaoni nikasema sijui mapatano yoyote, kwamba nilitoka kidogo kwenda msalani, Nicodemo akaingia darasani kwangu bila kuitwa. Nilisema hivyo rozari ikiwa mfukoni. Hakunibishia. Siku ya kuondoka akaniachia daftari, kanifanyia mifano yote ya aljebra iliyobaki hadi muhula uishe. Leo kwenye misa sikuthubutu kukomunika.

Kesho, kabla watoto hawajasimama mstarini, nitamwambia Mwalimu Mkuu. Nikifukuzwa, nitakuja tulime wote. Nimekuandikia kwanza kwa sababu najijua: jirani yangu Loveness akishaondoka na barua hii kuja huko, sina tena pa kujificha. Ukimaliza kuisoma nenda kwa mama yake Nicodemo, umpe shikamoo yangu, umwambie mwanawe hakuwaacha watoto. Niliyewaacha ni mimi.

Wabusu watoto wote, na Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Efrazia