Sifa Ulizopewa, Mdogo Wangu

Mdogo wangu Anaeli,

Wanasema huko pwani unavaa koti jeupe na wagonjwa wanakuita bwana. Sikuulizi hali. Ninachoandika hapa atakisoma Mwalimu Lazaro mbele ya yeyote anayetaka kusikia, maana hapa kwetu mlimani bado wapo wanaokusifu.

Herufi hizi ulinifundisha wewe. Ulikuwa ukirudi kutoka shule ya misheni unasawazisha majivu jikoni, unaandika kwa kijiti, nami nafuatisha. Nikikosea unacheka mpaka unajipaka majivu usoni. Nilikupenda sana siku hizo, na hilo ndilo linalonichoma.

Mama alipofariki kwa uzazi ulikaa mlangoni ukaniambia, "Dada, nitajifunza dawa. Haya hayatatupata tena." Nilikuamini. Daktari Mjerumani alipofika Arusha kutafuta vijana wa kufundishwa kazi ya hospitali, nilikusindikiza, nimekubebea ndizi za njiani. Alitaka barua ya mwalimu anayekujua vizuri. Ukampa ya Mwalimu Lazaro, aliyekufundisha tangu ukiwa huna meno ya mbele. Daktari aliitupia jicho, akairudisha.

"Nataka ya Mzungu," alisema. "Tena iwe nzito."

Wewe Mzungu wako alikuwa mmoja tu, yule Bwana Mwalimu wa misheni. Ulimlimia bustani, ulimuuguza alipopatwa na homa, ulimfundisha mkewe Kimeru. Kila ulipomwomba barua alijibu, "Nitaona." Ukakonda kwa kungoja.

Wakati huo baba alikuwa mafichoni. Alikataa kwenda tena kubeba mawe ya barabara ya serikali, kwa sababu mara ya kwanza alirudi anatema damu. Alikaa msituni, juu ya mashamba ya mwisho, na tuliojua ni sisi wawili tu. Mimi nilimpelekea maziwa, wewe ulimpelekea ndizi.

Siku ile ulinikuta shambani, umekuja mbio, karatasi mkononi. "Nimepata, dada! Nimepata!" Ukanigeuzia maneno yale kwa Kiswahili: kijana huyu ni mkweli, ni mtiifu, hamfichi bwana wake jambo lolote.

"Kimembadilisha nini?" nikauliza.

Ukaikunja barua polepole. "Aliniuliza baba yuko wapi."

"Ukamjibuje?"

"Wangempata tu, dada. Kama si leo, kesho."

Hata nafasi ya kukuzaba kofi sikuipata. Askari walikuwa wanateremka kwa njia ya mtoni, baba katikati yao, kamba shingoni. Alituona. Ulisikia alichosema, usijifanye umesahau: "Anaeli, mshike dada yako asije huku." Ukanishika. Masikini, alidhani ananiacha kwenye mikono ya mtu.

Walimchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, hadharani, watu wakilazimishwa kutazama. Wewe ulikuwa nyumbani unafunga mzigo wa safari. Tulimbeba mimi na Mwalimu Lazaro. Mgongo ulioza, Anaeli. Nilikuwa namwosha kwa maji ya chumvi, natoa funza kwa mwiba, naye ameuma kipande cha ngozi asipige kelele. Kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Mwanangu amekwenda kusomea udaktari. Atakuja kunitibu mgongo huu." Aliniuliza kama umeleta salamu. Nikamwambia umeleta. Alikufa akikusifu, mimi nikiitikia, na kila nilipolitaja jina lako nilitamani kutema mate.

Sasa nasikia umeleta posa kwa binti wa kijiji cha jirani. Juzi baba yake alikuja kwangu, akakaa, akaniuliza kwa adabu wewe ni mtu wa namna gani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekulea. Nikamweleza. Sikuongeza chumvi, wala sikumpunguzia hata neno. Mzee akauliza, "Kaburi la baba yako liko wapi?" Nikampeleka. Alisimama pale amevua kofia, halafu akaondoka bila kunitazama. Binti yake ameshaposwa na mtu mwingine.

Na wengine wakija kuniuliza nitawajibu vilevile, wawe wazee wa kanisa au ndugu wa msichana mwingine utakayemtaka. Usije kujitetea. Mahali ulipotegemea kujenga nimepanda migomba, na imeshazaa.

Sikuombei kifo. Ishi miaka mingi, Anaeli, na kazi isikuishie mikononi. Na kila mgonjwa atakayekugeuzia mgongo umwoshe, umwone baba.

Mimi,
binti wa mtu uliyemuuza