Mukeke wa Kavimvira

Mama Neema wangu, pokea salamu za Kavimvira, hapa Uvira, jua kali na upepo wa ziwa.

Asubuhi, sisi sita tuliobaki wa shule ya kijeshi tulisoma majina ya wenzetu waliokufa. Kisha mjane wa Bahati, marehemu mwenzetu niliyelala naye vitanda jirani shuleni, akatupikia samaki mukeke na bugali. Kabla hajakaa, sahani zetu zote zilikuwa tupu. Kwa aibu tukamweleza: shuleni kengele ya kumaliza kula ililia upesi, aliyechelewa alibaki na njaa.

Akasema, "Bwana yangu alikula vile miaka yote. Minye nilizani hapendi chakula yangu, anaikimbia."

Nikakukumbuka weye. Nikirudi, kaa nami mezani, nitakula polepole mpaka bugali ipoe.

Baba Neema