Mabega ya Baba

Jumatatu, 5 Machi 1956

Nimeitwa mvivu mbele ya darasa la tatu! Mwalimu mkuu kaingia, kautazama ubao, kauliza kwa nini siku zote naandika nusu ya chini tu. Watoto wakacheka. Mkono ukifika usawa wa bega haupandi tena — hata shati, mke wangu Beatrisi ndiye anayenivisha.

Alhamisi, 8 Machi

Hospitali. Daktari kanitazama mabega, kaniambia nifumbe macho kwa nguvu. Hayakufumbika sawasawa. Nipige mluzi. Pumzi tu. Akauliza nani mwingine kwetu yuko hivi. Nikasema hakuna. Kisha nikamkumbuka baba.

Ni ugonjwa wa misuli. Uso, mabega, mikono, vinaisha kidogo kidogo. Hauambukizi, unarithiwa. Dawa hakuna. Nisinyanyue vizito, nisiache kutembea. Na binti yangu Kristina? Huenda anao, huenda hana — sawa kwa sawa. Daktari anataka kumwona.

Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 9 Machi

Barua ya daktari nimempa mwalimu mkuu. Kasema hajapata kusikia uvivu wa kurithi. Nusura nimpige — kwa mkono upi!

Hasira hii si juu yake peke yake, ni juu yangu pia. Baba alikuwa mkata mkonge. Nyapara alimchapa viboko kwa kushindwa kutia tita begani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona aibu. Shuleni nikasema baba yangu amekufa.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya ibada nimekwenda Pongwe kwa baba, na Kristina. Baba kazeeka. Bakuli la uji analiinamia, mikono haifiki mdomoni. Kristina kaenda kumtekea maji, nami nikamweleza yote: ni ugonjwa, nyapara alikosea. Nilidhani atafurahi.

"Nilijua siku ile ile kwamba si uvivu," alisema. "Mwili ni wangu. Wewe ndiye hukujua."

Akauliza kama mtoto nimemwambia. Nikasema bado, ana miaka kumi tu.

"Mwambie wewe, kabla watu hawajamwita mvivu."

Kristina alikuwa mlangoni, ndoo kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, hakuitia kichwani. Akauliza aambiwe nini. Nikamjibu kwa ukali kwamba tutaongea nyumbani.

Tumefika nyumbani. Kakaa mbele yangu mezani, ananitazama nikiandika, anangoja nimwambie.