Kapu la Mama wa Puge

Jumapili, Ipuli. Jua kali, upepo wa vumbi, na mawingu yanayotudanganya kwa wiki ya pili sasa.

Leo nimepiga pasi shati ambalo sina pa kwenda nalo. Mstaafu wa jeshi akikaa peke yake hufanya mambo ya namna hiyo. Watoto wako Dar, mama yao tulishamzika, na redio nayo imeanza kunichosha.

Kinachonisumbua ni daftari langu. Tangu mwaka jana naandika habari za utumishi wangu, na aliyenitia wazimu huo ni jemadari mmoja wa Kirumi wa kale. Kitabu chake nilikinunua kwenye lundo la vitabu chakavu sokoni. Aliandika vita vyake mwenyewe. Halii, hapigi kelele, ila ukimsoma mara ya pili unagundua kwamba bwana huyu hajawahi kukosea. Mto ukifurika, kosa ni la mto. Askari wake wakifa, anataja idadi na kusonga mbele.

Nilimpenda sana. Nikamuiga.

Asubuhi kanipigia simu mama wa Puge. Huyu ni mama yake Masanja, dereva wa kikosi changu aliyefia ugenini tulipokwenda kulinda amani. Kila mavuno hunitumia kapu la michembe, viazi vitamu alivyokata na kuanika mwenyewe. Ndiye mtu pekee aliyebaki duniani kuniita mwanangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaandika kitabu. Masanja yumo?"

"Yumo, mama."

"Haya, uje unisomee basi. Macho yamekwisha, lakini masikio bado ninayo."

Nilipokata simu nikafungua daftari kumtafuta. Nikamkuta: "Njia ilikuwa mbaya. Tulipoteza askari mmoja."

Mmoja! Babu zetu wapagazi walibeba mizigo ya watu kutoka huku bara hadi pwani, wakahesabiwa vichwa bila kutajwa majina. Nami nimemfanyia hivyo hivyo mtu wa nyumbani.

Ukweli ni huu. Masanja alisimamisha gari la mbele, akashuka, akanifuata nilipokuwa kwenye gari la pili. "Afande, udongo wa pale mbele ni mbichi. Umefukuliwa." Nilikuwa na haraka, tena sikutaka kufundishwa kazi na dereva mbele ya vijana. Nikamwamuru aendeshe. Bomu lilikuwa pale pale aliponionyesha.

Mama yake nilimwambia alijitolea kutangulia. Alilia, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Michembe ilianza mwaka ule.

Naogopa. Mama aliyenizaa nilishamzika. Nikisema, nitabaki bila mama kwa mara ya pili.

Jioni hii nimefuta maneno yale na kuandika upya: "Masanja aliiona hatari, akaniambia. Aliyetoa amri ni mimi." Maneno machache hayo yamenichukua saa nzima.

Kapu la mwisho bado liko nyuma ya mlango. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na kila mwaka nalirudisha na sukari na kanga. Jumanne naenda Puge. Sukari nitaweka kama kawaida, na juu yake daftari. Nitamsomea kabla sijaonja chakula chake.

Kama nitarudi na kapu au mikono mitupu, hilo ataamua mama.